Watoto Mia Moja na Themanini na Saba

Wiki ya kwanza ya Januari mwaka 1954, Bibi Elna aliondoka Kinasuri kwenda kwao Ulaya kwa likizo ya mwaka mzima. Alikuwa ameiongoza zahanati ya misheni kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo hakupumzika kwa zaidi ya siku tatu mfululizo. Asubuhi ya kuondoka, lori likiwa limeshapakiwa, alimwita karani wake Naftali akamkabidhi funguo za kabati la makaratasi.

"Mwalimu, taarifa ya mwaka utaiandika wewe," alimwambia. "Andika kwa Kiswahili. Mimi nitaitafsiri nikishafika. Iwe posta kabla Machi haijaisha."

Naftali aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili, aliyefundisha shule za misheni mpaka kifua kikamzuia kusema kutwa nzima mbele ya watoto, ndipo akapewa ukarani. Watu waliendelea kumwita Mwalimu. Kila mwaka alikuwa akiinakili taarifa ya Bibi Elna kwa mwandiko wake mzuri, nakala moja ikienda kwa chama cha marafiki wa misheni huko Ulaya, waliokuwa wakileta dawa na bendeji na mablanketi, na nakala nyingine kwa serikali, boma la Kiomboi. Lakini kuinakili taarifa na kuiandika ni mambo mawili tofauti.

Alianza siku ileile. Alizitoa taarifa za nyuma, akazipanga mezani kwa miaka, akazisoma zote. Zilifanana kama ndugu wa tumbo moja. Zote zilianza na maneno "Kwa neema ya Mungu kazi imesonga mbele." Zote zilitaja idadi ya wagonjwa na idadi ya watoto waliozaliwa salama, na kila mwaka idadi hiyo ilipanda. Zote zilimalizia kwa shukrani. Naftali aliona njia imeshafyekwa, kilichobaki ni kuipita. Akafungua daftari la uzazi, akahesabu majina mwezi kwa mwezi, akapata watoto mia moja na themanini na saba kwa mwaka 1953. Mwaka uliotangulia walikuwa mia moja na sitini na nne. Alihesabu tena kwa kuogopa kukosea, kisha akaandika kwa herufi kubwa kidogo kuliko nyingine: Watoto 187 wamezaliwa salama.

Siku ya tatu rasimu ilikuwa tayari. Akaichukua mpaka chumba cha uzazi, ambako Dorika, mkunga, alikuwa akichemsha mikasi na nyuzi katika sufuria. Dorika alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana, aliyejifunza ukunga miaka miwili katika hospitali moja ya misheni na mengine yote akajifunza hapohapo. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Nataka uniambie kama hesabu zangu ni sawa, dada Dorika," alisema Naftali, akaanza kusoma.

Alisoma vizuri, kama alivyokuwa akisoma kanisani. Alipofika kwenye mia moja na themanini na saba alipunguza mwendo ili neno likae. Dorika aliendelea kugeuza mikasi kwa kijiti. Naftali alipomaliza, Dorika aliitua sufuria chini.

"Hesabu ni sawa," alisema. "Ndio waliozaliwa humu."

"Basi nashukuru."

"Lakini hao mia moja na themanini na saba, Mwalimu, sasa hivi wako wapi?"

Naftali hakuelewa. "Wako kwao. Kwa mama zao."

"Umewaona?"

"Nitawaonaje wote?"

Dorika alijifuta mikono kwenye aproni yake. Alitafuta namna ya kusema bila kuumiza, akaona hakuna. "Wa Kristina umemhesabu humo?" aliuliza.

Naftali aliyatazama makaratasi mkononi mwake. Kristina alikuwa binti yake, mtoto wake wa tatu, aliyeolewa ng'ambo ya Mto Ndurumo miaka miwili nyuma. Mwezi wa tatu wa mwaka uliopita alikuja kujifungulia hapa, chini ya mikono ya Dorika, mtoto wa kike mwenye nywele nyingi. Mwezi wa nne mtoto akafa kwa homa. Naftali alipata habari siku tano baadaye, kwa kuwa mto ulikuwa umejaa, na alipofika kaburi lilikuwa limeshaanza kuota majani. Mwezi huo alikula chakula kidogo sana na hakuimba kanisani. Na bado, siku mbili zilizopita, alipitisha kidole chake juu ya jina la Kristina katika daftari, akahesabu, akaendelea na jina lililofuata.

"Alizaliwa salama," alisema, na yeye mwenyewe akasikia jinsi neno hilo lilivyotoka tupu.

"Ndiyo. Alizaliwa salama," alisema Dorika kwa upole. "Sikusema umeandika uongo."

Naftali alirudi ofisini akaiweka rasimu chini ya taarifa za zamani. Siku mbili hakuigusa. Mkewe alimuuliza kama kifua kimemrudia, akasema hapana. Siku ya tatu alikwenda kwa Mchungaji Philipo, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati, akamwambia anataka ruhusa ya wiki tatu kuzunguka vijijini na daftari la uzazi.

"Kwa kazi gani?" aliuliza mchungaji.

"Kuwauliza mama wote walioandikwa humu watoto wao wanaendeleaje."

Mchungaji Philipo alikuwa mtu mpole asiyependa mambo ya ghafla. "Bibi Elna alikuagiza hivyo?"

"Aliniagiza niandike taarifa ya mwaka. Nimeona kwamba sijui mwaka ulikuwaje."

Ruhusa alipewa, ila bila furaha.

Ilikuwa wakati mbaya wa kuzunguka. Mvua zilikuwa zimekolea, watu wote wako mashambani wakipalilia uwele na mtama, na njia zilikuwa tope linaloshika magurudumu ya baiskeli mpaka ikawa inabebwa yenyewe. Kijiji cha kwanza, watu walimwona mtu mwenye daftari na kalamu sikioni, wakajua ni karani wa kodi. Bwana mmoja alishika njia ya porini na ng'ombe wake wote, na mkewe akasimama mlangoni akasema kwamba nyumba hiyo haina mwanamume wala mifugo. Naftali alichukua muda mrefu kumwambia kwamba anamtafuta mtoto tu, aliyezaliwa mwezi wa sita. Mwanamke alimsikiliza akiwa amekunja uso, kisha akaingia ndani akatoka na mtoto mnene mwenye shanga kiunoni, anayelia kwa kuamshwa.

"Huyu hapa," alisema. "Mnamtakia nini?"

"Nilitaka kujua kama yupo," alisema Naftali. Mwanamke akacheka mpaka akaketi, akamletea uji.

Jioni hiyo aliandika mbele ya jina la mwanamke yule: Yupo. Mnene. Hapo akagundua kwamba maneno hayo mawili yamemfurahisha kuliko ukurasa mzima wa rasimu yake.

Kuanzia hapo habari ilimtangulia. Alipofika, mama walikuwa wameshajua anachotafuta. Wengine walimsubiri na watoto waliokwishaogeshwa na kupakwa mafuta. Anastasia wa Kinyangiri, aliyejifungua mapacha, aliwaweka wote wawili mapajani mwake akamweleza kwa kirefu jinsi Dorika alivyomfundisha kuchemsha maji ya kunywa ya watoto, na jinsi mama mkwe wake alivyoona ni upuuzi na kupoteza kuni, mpaka watoto wa jirani walipopata tumbo na wa kwake wasipate. Naftali aliyaandika maneno yale kama yalivyotoka, na habari ya mama mkwe na kuni pia.

Lakini si kila mlango ulikuwa hivyo. Kwingine alipotaja jina la mama, watu walitazamana kabla ya kujibu. Mtoto alipata homa. Mtoto aliharisha siku mbili. Mtoto alilala asiamke, hakuna ajuaye. Mwanzoni Naftali aliuliza, akaandika, akaaga upesi kwa aibu. Baadaye alijifunza kuweka daftari chini na kukaa. Alikuta kwamba mama hawa hawakuwa na haraka ya kumwondoa. Wengi hawakuwahi kuulizwa na mtu yeyote mtoto alikufaje, kwa kuwa kila mtu pale kijijini alikuwa akijua.

Wiki ya pili alifika ukingo wa Ndurumo. Kiangazi, mto huo ni mchanga mtupu, watu huchimba visima katikati yake na watoto huvuka wakikimbia. Masika, mvua ikinyesha mbali juu, maji huja kwa wakati mmoja na kuujaza ukingo kwa ukingo, yakibeba magogo. Siku hiyo yalikuwa ya kiunoni. Akavua viatu, akaweka daftari kichwani, akavuka. Usiku maji yalipanda, na kwa siku nne hakuweza kurudi.

Katika siku hizo nne, akiwa hana pa kwenda, alilifungua daftari tangu mwanzo akaona jambo ambalo hakuliona katika miaka yote aliyolitunza. Majina ya watu wa ng'ambo yalikuwepo Mei, Juni, Julai, mpaka Novemba. Kuanzia Desemba mpaka Aprili hayakuwepo, isipokuwa mawili au matatu, likiwemo la binti yake, aliyevuka mapema akakaa kwa mama yake akingojea. Alirudi mwaka wa nyuma, ilikuwa hivyohivyo. Hakuna kijiji ambacho wanawake wake hawazai miezi mitano kwa mwaka.

Alimuuliza sababu mwenyeji wake aliyemlaza huko, na mwenyeji wake akampeleka kwa mtu aitwaye Mughwai.

Mughwai alikuwa Mnyaturu aliyehamia upande ule kwa ajili ya malisho. Hakuwa Mkristo, na zahanati alikuwa hajawahi kuikanyaga. Alimkaribisha Naftali kwenye gogo mbele ya zizi, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mke wangu aliitwa Elizabeti," alisema. "Yeye alikuwa mtu wa kanisa lenu. Uchungu ulimshika mwezi wa pili, mwaka jana. Mtoto alikaa vibaya, wazee wa kike wakaona, wakasema huyu apelekwe kwa Dorika. Tulimbeba kwa kitanda mpaka mtoni. Maji yalikuwa mpaka kwenye mizizi ya ile miti unayoiona. Tulikaa pale tangu asubuhi mpaka siku ya pili mchana, tukingoja yapungue. Kutoka pale ukisimama unaliona bati la zahanati. Alikuwa akiliangalia. Aliniuliza mara nyingi kama maji yanapungua, nikamwambia yanapungua."

Naftali hakuandika kitu.

"Uliandika humo jina lake?" Mughwai aliuliza, akilionyesha daftari kwa kidevu.

"Hapana. Hili ni la waliofika."

Mughwai alitikisa kichwa polepole, bila hasira, kama mtu aliyeambiwa kitu alichokuwa akikidhania siku nyingi.

Siku ya mwisho alikwenda kwa Kristina. Alikuwa amemwacha mwisho kwa makusudi, na binti yake alilijua hilo. Alimkuta shambani. Kristina alipiga goti kidogo akamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Walikaa kwenye kivuli cha dungu, jukwaa la kuwingia ndege. Kristina alimpa maji, akaulizia habari za mama yake, za kifua chake, za kuku aliyeachwa akiatamia. Naftali alijibu yote. Kisha akasema, "Nimekuja na daftari."

"Nimesikia. Watu wote wamesikia."

"Sitaandika habari yako usipotaka. Ninaweza kuandika tu kwamba watoto kadhaa wa ng'ambo walikufa kwa homa. Hakuna atakayejua ni nani."

Kristina alichuma jani la mtama, akalichana katikati taratibu. "Ulipomhesabu," alisema, "ulimwita nani?"

"Tuliandika mtoto wa kike wa Kristina."

"Aliitwa Yunisi. Andika jina lake. Watu wanamwita mtoto wa Kristina, kana kwamba hakupewa jina." Akalitupa lile jani. "Na usiandike kwamba mimi ni maskini. Niliwahi kuiona ile karatasi ya Bibi, ulipokuwa ukiinakili nyumbani. Inasema mama maskini wa Afrika. Mimi sikuwa maskini. Nilikuwa na maziwa na nilikuwa na nguo ya kumfunika. Siku ya kwanza ya homa nilifunga safari. Niliukuta mto umejaa. Nilikaa siku mbili, nikarudi. Ndivyo ilivyokuwa. Andika hivyo."

Naftali aliandika. Mkono wake, ambao wanafunzi wa shule tatu waliufuata kujifunza herufi, uliandika vibaya siku hiyo, na Kristina alimngoja mpaka akamaliza.

Aliporudi Kinasuri hakuifungua tena ile rasimu. Aliandika mpya kwa siku sita. Kilichomsumbua zaidi ni mwanzo. Alijaribu kuanza na neema ya Mungu, lakini kila alipoanza hivyo sentensi zilizofuata zilijiandika zenyewe kwa sauti ya Bibi Elna. Mwisho alianza hivi: "Katika mwaka 1953 watoto 187 walizaliwa katika zahanati hii. Tumekwenda kuwatafuta. Tumewaona 112 wakiwa hai. Watoto 19 wamekufa. 56 hatukuwapata, na habari zao hatuzijui." Kisha akaeleza yaliyofanikiwa na kwa nini, akimtaja Anastasia na maji yake na Dorika aliyefundisha. Akaeleza habari za mto, na miezi mitano ambayo majina hayamo. Akamwandika Yunisi. Akamwandika Elizabeti, ambaye hakufika. Mwisho akaandika lile ambalo zahanati haikulifanya: tangu ianze, haikuwahi kumtembelea mama baada ya kutoka, wala haikuuliza kwa nini watu wa ng'ambo hawaji wakati wa mvua.

Kamati ilikutana Jumanne ya wiki ya kwanza ya Machi, watu watano katika vestri, chumba cha mavazi ya ibada kanisani. Naftali alisoma. Alipomaliza, wa kwanza kusema alikuwa mzee Ezekieli, mzee wa kanisa aliyesimamia ujenzi wa zahanati hiyo tangu tofali la kwanza. Alisema taratibu, na ilionekana amechomwa.

"Mwalimu, mimi nimebeba mawe ya nyumba ile kwa mabega haya. Watu wa kule hawatujui. Wanachokijua ni karatasi tu. Wakisoma hii watasema, kumbe dawa zetu zinakwenda mahali watoto wanakufa. Mwaka ujao hawataleta. Hapo watakufa wangapi? Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria, mzee wangu," alisema Naftali. "Wanaweza wakaacha. Sijui. Lakini tukiwaambia kila mwaka kwamba yote ni salama, watatusaidiaje kwa lile wasilolijua? Na sisi wenyewe tulikuwa hatulijui. Mimi niliyekuwa na daftari nilikuwa sijui."

"Ondoa habari za mto," alisema mwingine. "Mto si kazi ya zahanati."

"Mto ndio mlango wa zahanati kwa watu wa ng'ambo," alisema Dorika, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha. Wote walimgeukia, kwa sababu katika kamati hakuwa na desturi ya kusema asipoulizwa. "Mimi humwambia kila mama, ukiona homa mlete upesi. Hata Kristina nilimwambia. Sikuwahi kumwambia ampitishe wapi."

Mchungaji Philipo aliyageuzageuza makaratasi mkononi. Hakutaka kumwangusha mzee Ezekieli, wala hakuona namna ya kusema kwamba yaliyosomwa si kweli. Naftali akamgeukia.

"Mchungaji, naomba jambo moja. Kabla haijapelekwa Ulaya wala boma, isomwe kwa waliomo ndani yake. Wakisema nimekosea, nitafuta."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mchungaji akiwa amekubali, taarifa ilisomwa uwanjani mbele ya kanisa, kwanza kwa Kiswahili, kisha Naftali akaieleza kwa Kinyiramba. Mto ulikuwa umepungua wiki hiyo na watu wa ng'ambo walikuwa wengi. Watu walisimama na watoto migongoni, wakasikiliza kwa makini, kama watu wasikilizavyo shauri lao likisomwa barazani. Jina la mtu lilipotajwa, vichwa viligeuka. Kristina alisimama karibu na mama yake. Jina la Yunisi lilipotajwa hakulia. Aliinua uso.

Naftali alipomaliza akauliza kama kuna aliyekosewa. Mwanamke mmoja kijana, Leah, alinyoosha mkono.

"Umesema watoto kumi na tisa wamekufa. Mimi ulipita kwangu sikuwepo, ukamkuta mke mwenzangu. Ulimuuliza habari za mtoto wa Leah, naye alidhani unamuulizia yule wa kwanza, aliyekufa zamani." Akageuka na kuonyesha mgongo wake, ambako mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi. "Huyu ndiye aliyezaliwa kwa Dorika. Hajafa."

Watu walicheka, hata mzee Ezekieli. Naftali alichukua kalamu palepale mbele yao wote, akakata kumi na tisa akaandika kumi na nane, akakata mia moja na kumi na mbili akaandika mia moja na kumi na tatu. Hakuwahi kusahihisha kosa kwa furaha namna ile.

Kicheko kilipotulia, Mughwai alisogea mbele. Wengi hawakujua kama alikuwepo. Alikuwa amesimama nje kidogo ya watu, akiegemea fimbo yake, kwa kuwa lilikuwa kanisa na yeye si mtu wa kanisa.

"Nimesikia jina la mke wangu," alisema. "Nilikuja kwa ajili ya hilo. Sasa nauliza. Mvua za mwakani zitakuja. Karatasi hii inakwenda mbali kwa Wazungu, na labda watajibu na labda hawatajibu. Sisi tulio hapa tunafanya nini?"

Mmoja akasema daraja, na wote wakajua kwamba daraja la mto ule si kazi ya majembe. Mwingine akasema mtumbwi, akaulizwa ni nani ataendesha mtumbwi katika maji yanayobeba magogo. Ndipo mke wa Naftali, ambaye mumewe hakuwahi kumsikia akisema mbele za watu, alisema kwamba Kristina alijifungua salama mwezi wa tatu kwa kuwa alivuka mapema akakaa kwa mama yake. Wanawake wa ng'ambo ambao hawana mama upande huu hawana pa kukaa. Wakiwa na nyumba hapa karibu na Dorika, wanaweza kuvuka kabla ya mvua na kungojea siku zao, na hata wenye watoto wachanga wanaoumwaumwa wakakaa humo mpaka watoto wapate nguvu.

"Watakula nini?" aliuliza mtu.

"Watakuja na chakula chao," alisema. "Kwani kwao huwa wanakula nini?"

Mzee Ezekieli alikuwa akitazama kiwanja kilicho nyuma ya zahanati, pale palipooteshwa mikonge. Naftali alimwona akipima kwa macho, akihesabu hatua, midomo ikichezacheza. Hakusema kama amekubali taarifa. Alisema tu kwamba udongo wa pale ni mzuri kwa tofali, ila lazima mvua ziishe kwanza.

Taarifa ilikwenda posta tarehe ishirini na nne Machi, pamoja na masahihisho yake, kwa kuwa Naftali alikataa kuinakili upya. Nakala ya boma ilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba imepokelewa. Kutoka Ulaya hakukuja kitu Aprili, wala Mei, wala Juni. Zipo siku Naftali aliamka akiamini kwamba mzee Ezekieli alisema kweli, na kwamba ameivunja zahanati kwa kalamu yake. Siku hizo alikwenda kiwanjani kusaidia kubeba tofali, mpaka kifua kikamkataza. Watu wa ng'ambo walivuka mchanga mkavu kwa zamu, na Mughwai alileta miti ya kuezekea kwa punda wake, mizigo saba.

Barua ya Bibi Elna ilifika Septemba. Alieleza kwamba aliitafsiri taarifa bila kupunguza kitu, ingawa alitamani kupunguza. Watu wawili waliandika kwamba hawataendelea kutoa. Shule moja ya wasichana iliomba nakala, na wasichana wale wakauliza kama Anastasia aliwahi kupatana na mama mkwe wake. Mengine bado yalikuwa hayajajulikana, kwa kuwa chama kilikuwa kinakutana Novemba. Mwishoni aliandika: "Nimeandika taarifa tisa, Mwalimu, na ng'ambo ya Ndurumo nimefika mara moja tu, tena kiangazi. Nikirudi utanipeleka."

Naftali aliisomea kamati barua hiyo yote, pamoja na habari za wale wawili. Mzee Ezekieli alisikiliza na mikono yake yenye udongo ikiwa magotini. "Wawili tu?" aliuliza. Akaambiwa mpaka sasa ni wawili. Akasimama, akasema anarudi kazini kwa sababu mlango wa nyumba umekaa upande.

Mvua zilianza wiki ya pili ya Desemba. Siku ambayo Ndurumo ilijaa kwa mara ya kwanza, kulikuwa na wanawake sita katika nyumba mpya nyuma ya zahanati, wawili na watoto wachanga na wanne wakingojea. Nyumba ilivuja pembeni na moshi ulikuwa haujui pa kutokea. Walilalamika juu ya hayo yote mawili, na Dorika aliwaambia wamlalamikie mzee Ezekieli.

Kristina alikuwa mmoja wa wale wanne. Angeweza kukaa kwa mama yake, lakini alisema anapenda kukaa na wenzake. Naftali alimkuta kizingitini akichambua kunde kwenye ungo, tumbo likiwa limeshakuwa kubwa, na mtoto wa mwanamke mwingine akitambaa kwenye miguu yake.

"Mwaka unakwisha, baba," alisema. "Taarifa ya safari hii utaandika nini?"

Naftali aliketi karibu naye kwenye kizingiti, akachukua konzi ya kunde akaanza kumsaidia kuchambua. Mtoni maji yalisikika kutoka mbali.

"Sijui bado," alisema. "Mpaka niende nikaulize."